Alama Kumi na Tisa

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi dirishani na si kitandani. Sisi huku ni wazima. Binti yangu, Redio, bado haizimwi. Yuko darasa la mwisho sasa, na mwalimu wake ameniita mara mbili kuniuliza kama nyumbani huwa anapumua katikati ya sentensi. Magoti yananisumbua kidogo asubuhi, basi. Ningekupigia simu, lakini mwanao ameniambia masikio yako yamegoma kabisa, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu. Herufi amezikagua Redio.

Karakana inaenda vizuri. Nimepaka upya kibao cha nje. Mchoraji aliishiwa nafasi, akaandika TUNASUKA kwa herufi kubwa, na neno MOTA akalisukuma pembeni, dogo kama nzi. Jumatatu akaingia mama mmoja na kitana chake mkononi, akaketi kwenye kiti, akasema, "Nianzie za nyuma, na usinikaze." Nikamwambia, mama, hapa tunasuka nyaya za shaba. Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Ndiyo maana nikajiuliza, msusi gani mwenye ovaroli?" Tukacheka, akaenda zake. Alhamisi akarudi na mota ya pampu iliyoungua. Basi kibao nimekiacha kama kilivyo.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie. Wazazi wamenichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, shule ile ile uliyoiongoza miaka ishirini na miwili. Kuna pendekezo kwamba kuanzia mwakani iwe ya ufundi mtupu: umeme, uchomeleaji, mabomba, ushonaji, useremala. Historia, fasihi na mengine ya namna hiyo yaondolewe. Tarehe 20 Juni wazazi wote watapiga kura, na mimi ndiye nitakayesimama kulitetea. Niandikie barua fupi niisome mbele ya watu. Sema kwamba wewe, mwalimu mkuu wa zamani, uliliona jambo hili mapema. Wewe ndiye uliyenielekeza kwenye ufundi nikiwa na miaka kumi na mitatu, wakati kila mtu ananionea huruma. Watakusikiliza.

Mwanao,
Fundi


27 Februari

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Barua yako ilikaa njiani siku kumi na moja, na nyingine kumi na mbili nimekaa nayo mimi. Sijambo kwa kadiri ya mtu anayehesabu ngazi. Kutoka chumbani kwangu hadi chooni ziko saba, na mwanangu anataka kunihamishia chumba cha chini. Ninakataa, kwa sababu dirisha la chini linatazama ukuta. Daktari anasema moyo umechoka. Aliniandikia kwenye kikaratasi, maana sisikii, nami nikamsahihishia neno moja. Alicheka. Muuguzi wake hakucheka.

Kibao chako kimenichekesha hadi nikakohoa. Msalimie Redio. Mwambie watu wasiopumua katikati ya sentensi ni wa kuogopwa, na asiache.

Barua unayoitaka sitaiandika. Usidhani ninadharau kazi yako. Nyumba hii ninayokaa ina maji kwa sababu kuna mtu mahali fulani anajua kusuka mota ya pampu, na sijasahau. Lakini niambie: hilo pendekezo umelisoma? Sisemi kusomewa. Umelisoma wewe, kurasa zote? Nani ataamua mtoto yupi anafaa nini? Mtoto akikosewa, atarudi kwa mlango gani?

Mtu hapigi kura ya shule peke yake. Atapiga ya maji, ya barabara, ya wanaomtawala. Siku hiyo atahitaji kujua kuuliza "kwa nini" mbele ya mtu mwenye cheo, na kumsikiliza jirani asiyekubaliana naye bila kumtukana. Watoto nilioona wakijifunza hilo walijifunza wakibishana juu ya hadithi ambayo hata mimi sikuwa na jibu lake, au juu ya vita vya watu waliokufa zamani. Wapo waliojifunza karakana pia. Kuwaondolea kimojawapo ni kuwapunguza.

Lipo jambo jingine. Leo sina nguvu nalo.

Shangazi yako


15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole na ngazi. Redio ana mafua na sauti imekauka, sasa anaandika kwenye vikaratasi na kutubandikia ukutani. Nyumba imetulia lakini kuta zinasema.

Sikutegemea wewe unikatalie. Pendekezo katibu alitusomea. Lina kurasa kumi na moja. Mimi na kurasa tunajuana: nikifika ya tatu, maneno yanaanza kuogelea. Katibu ni msomi, amesema ni zuri, nami nimetia saini.

Wewe ulisoma, Shangazi, na vitabu vilikupokea. Hujui ilivyo kusimama mbele ya kitabu kama mbele ya nyumba ya watu waliokwisha kukufukuza. Nilipata kumi na tisa kwa mia kwenye insha. Nakumbuka ulivyonisomea alama hiyo ofisini kwako, baba kwenye kiti cha mbao, kofia yake magotini. Unajua kilichoniuma? Nilitoka kwenye mtihani ule nikiamini nimeandika vizuri. Kushindwa ningekuzoea. Lakini kushindwa na usijue kwamba umeshindwa! Tangu siku ile, kichwa changu kikiniambia kimeelewa, sikiamini. Hata baba. Alikuwa ananiita Hakimu, kwa sababu nilikuwa naamua magomvi ya uani. Tulipotoka ofisini kwako akaniita kwa jina langu, na hakurudia tena lile jingine mpaka anakufa.

Mota ilinifaa kwa sababu haina siri. Inazunguka au haizunguki. Nimelea mtoto kwa kazi hii, nimefundisha mafundi sita, na hakuna hata mmoja anayeomba kazi mlangoni kwa mtu. Wenzao waliomaliza na vitabu vyao wamekaa vibarazani wakisoma gazeti la juzi. Niambie basi, nani kapunguzwa?

Sitaki mtoto mwingine aketi mbele ya meza ile. Wapelekwe wote kwenye kazi ya mikono tangu mwanzo, asiwepo wa kuambiwa hafai. Na Redio pia. Najua anapenda kusoma. Na mimi nilipenda.

Uliandika lipo jambo jingine. Jambo gani?

Fundi


2 Mei

Mwanangu,

Salamu zangu leo ni fupi. Nimekaa hospitali wiki tano. Nimerudi, na nimewekwa chumba cha chini, kwa hiyo mwanangu ameshinda. Daktari haandiki tena mambo marefu kwenye vikaratasi vyake, nami nimemwelewa. Ninaandika aya moja asubuhi, nyingine kesho yake. Usishangae wino ukibadilika.

Ulipata tisini na moja.

Narudia ili usidhani mkono umetetemeka. Insha yako ilipata alama tisini na moja kwa mia, ya kwanza katika shule nzima. Mimi ndiye niliyeisahihisha. Mimi ndiye niliyenakili alama kwenye fomu za kwenda ofisi ya elimu, na mbele ya jina lako nikaandika 19. Tarakimu zilikuwa zile zile mbili, nikazigeuza. Mtu angeuliza, ningesema kalamu imeteleza. Hakuna aliyeuliza. Baba yako alikuwa mdogo wangu, nilimlea mimi. Angeniulizaje?

Mwaka ule tulikuwa tumefungua karakana ya shule. Nilikuwa nimehutubia mikutano minne nikisema kazi ya mikono si ya waliofeli. Wazazi walipiga makofi, kisha mmoja mmoja wakaja ofisini kunibembeleza nisimpeleke huko mtoto wake. Nilibaki na watoto kumi na wanane, wote wa mkiani, na tayari wenzao walikuwa wanaiita karakana jalala. Nilihitaji mtoto mmoja mwenye akili kali, ambaye akitoka pale kila mtu aone. Mtoto wa mwingine nisingethubutu kumgusa. Wa ndugu yangu nilimwona ni wangu.

Ningeweza kumwambia baba yako ukweli na kumwomba. Angekataa, na ilikuwa haki yake kukataa, na yako zaidi. Ndiyo maana sikuomba. Nilihubiri kwamba ufundi si mahali pa walioshindwa, kisha ili nikupeleke huko nikakuambia umeshindwa. Nimekaa na sentensi hiyo miaka thelathini na mmoja nikitafuta namna ya kuipanga upya. Haipangiki.

Na mpango ulifaulu. Ulipopata cheti chako nilikutaja kwenye hotuba. Wageni walipokuja niliwaleta hadi mlangoni kwako, ukawaeleza koili za nyaya na vanishi ya kuzipaka huku umejipaka masizi hadi kwenye nyusi, nami nikasimama pembeni nikijivuna. Nilisifiwa kwa ajili yako. Jioni narudi nyumbani siwezi kula.

Baba yako aliniuliza mara moja tu, mwaka mmoja kabla hajafa. "Dada, hivi yule mtoto aliandika nini hata akapata kumi na tisa?" Nikamjibu sikumbuki. Ninakumbuka. Uliandika juu ya majirani wawili wanaogombania bomba la maji, na jinsi kila mmoja alivyokuwa na nusu ya haki. Aya ya mwisho nilimsomea mwalimu mwenzangu bila kumtajia jina. Karatasi yenyewe niliitunza hadi nilipostaafu, kisha nikaichoma, nikiogopa mwanangu ataiona. Kwa hiyo sina ushahidi. Una neno langu tu, na sasa unajua neno langu lina uzito gani.

Nilidhani siku ile nachagua kati ya kalamu na spana. Kumbe nilichojitwalia ni kikubwa kuliko hivyo: nilikuamulia maisha na kukuficha ukweli ambao ungekuwezesha kubisha. Mtawala akiwafanyia watu wake hivyo, tunajua jina la kumwita.

Sikuombi msamaha, maana sina haki nao. Nimekuandikia kwa sababu tarehe 20 Juni utasimama uwaambie wazazi kwamba wako watoto ambao vitabu havikuandikwa kwa ajili yao, na mfano wako utakuwa wewe mwenyewe. Mfano huo niliughushi mimi. Usiwape watu wapigie kura uongo wangu. Usimpe Redio.

Shangazi yako


6 Juni

Mwanangu,

Posta haijaleta kitu. Mwanangu anasema barua zinachelewa kila mahali siku hizi. Ni mwema.

Yeye pia nimemwambia. Alitoka nje, akakaa huko muda, akarudi na chai, akaiweka karibu yangu. Sukari alisahau. Nilikunywa hivyo hivyo.

Zimebaki wiki mbili. Ukitaka kuisoma barua yangu ya Mei mbele ya watu, isome yote, na uwaambie ni nani aliyeiandika na alikuwa na cheo gani. Usinipunguzie. Na kama baada ya kujua yote bado utasema ndiyo, sema ndiyo. Safari hii utakuwa umejua.

Shangazi yako


24 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Redio hajambo. Mimi sijui.

Barua ya Mei ilinifikia karakana. Niliisoma nimesimama, nikairudisha kwenye bahasha, nikaendelea na mota iliyokuwa mezani. Nikakosea hesabu mara tatu. Kwenye kazi yetu, kabla hujang'oa nyaya zilizoungua, unahesabu kila koili ilikuwa na mizunguko mingapi, unaandika, ndipo unasuka mpya. Akikupa mtu hesabu ya uongo, usidhani mota itakataa. Itawaka. Itazunguka, na mwenyewe atakushukuru. Itakuwa ya moto kupita kiasi, basi. Atagusa, atasema ndivyo ilivyo mota hii. Mimi nimekuwa hivyo miaka thelathini na mmoja. Nikijigusa, nasema ndivyo nilivyo.

Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na Redio ndiye anayekagua herufi zangu.

Nikalichukua lile pendekezo. Jumapili tatu, kwenye benchi ya kazi, ukurasa kwa ukurasa. Maneno hayakuogelea, Shangazi. Hata moja. Hilo lilinitia hasira kuliko barua yako. Na ukurasa wa tisa, ambao katibu alitusomea haraka kama anayeruka dimbwi, unasema mwalimu mkuu ndiye atakayempangia mtoto fani yake akiwa na miaka kumi na mitatu, na uamuzi wake hautahojiwa. Chini yake iko saini yangu.

Siku ya kura ukumbi ulijaa hadi madirishani. Niliisoma barua yako yote, kama ulivyotaka. Nilipofika kwenye tarakimu, waliofundishwa na wewe, ambao ni nusu ya ukumbi, waliinama. Mwalimu mmoja mstaafu alitoka nje. Kisha akasimama yule mzee fundi cherehani wa mtaa wetu.

"Mwenyekiti, kwa hiyo unatuambia sisi mafundi tumeonewa?"

"Hapana, baba. Kazi yangu naipenda. Nikiulizwa leo naweza kuichagua tena. Ninachosema, sikuulizwa."

"Kama unaipenda, umepoteza nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja nyuma akamjibu. "Mzee, mkeo ulimtaka mwenyewe au uliletewa?"

"Nilimtaka!"

"Basi kaa chini."

Ukumbi ukaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka, akakaa. Katibu hakucheka. "Mwenyekiti, hili ulilitia saini."

"Nililitia saini bila kulisoma," nikasema. "Nani mwingine hapa amelisoma lote?"

Ikanyooka mikono minne. Mmoja ulikuwa wa Redio, ambaye hana kura.

Tukapiga kura mara mbili. Ya kwanza niliidai mimi: karatasi ya mtihani irudishwe mkononi mwa mtoto mwenyewe, na asiwepo mtu mmoja wa kumwamulia. Ilipita kwa kura za karibu wote. Ya pili, ya ufundi mtupu, ilianguka kwa kura tisa. Karakana imebaki na vitabu vimebaki. Mwakani wataileta tena, na wana hoja, huenda wakashinda. Mimi nimejiuzulu, maana nilichaguliwa nilitetee pendekezo. Wateja wawili wameshahamisha mota zao, wanasema nimewatukana mafundi. Katibu hanisalimii.

Redio ameniuliza yeye aende wapi. Nikamwambia sijui. Tumekaa na fomu katikati yetu tunaisoma, anauliza, nami siku hizi nabisha.

Sasa wewe na mimi.

Watu wananiambia, mshukuru, ona ulivyofanikiwa. Usidiriki wewe kuniambia hivyo. Sijui kama ningekuwa hakimu. Pengine ningekuwa mmoja wa wale wa vibarazani na gazeti la juzi. Siwezi kukudai maisha ambayo sikuyaishi. Lakini kuna mtoto alitoka kwenye chumba cha mtihani anafurahi, Shangazi. Alikuwa na sababu ya kufurahi. Naye baba alikufa akiona haya kwa ajili yangu, akiificha ili nisiione, nami nikiiona. Hayo ni yangu, na uliyachukua.

Nimejaribu kukuchukia jinsi unavyostahili. Asubuhi naweza. Mchana naanza kujiuliza kama umekula.

Umesema huniombi msamaha. Vizuri, usiombe, kwa sababu sina wa kukupa, na sitaki uniombe kwa karatasi halafu ufe ukidhani tumemaliza. Nimekata tiketi ya basi ya Jumamosi. Nakuja kukugombeza. Nina miaka thelathini na mmoja ya kusema, na siku moja haitanitosha.

Ningoje.

Fundi